Futresti za abiria kwenye pikipiki ya masafa: kisa kimoja cha Arusha

Malalamiko yalifika gereji kwa mlango wa pembeni. Mwenye pikipiki aliomba tumkazie shokapu ya nyuma, kwa maelezo kwamba mkewe akipanda naye kwenda Babati anashuka hawezi kunyoosha magoti. Pikipiki yenyewe ni ya masafa: silinda 2, cc 650, chesisi ya chuma, tangi kubwa, siti iliyopanda kwa nyuma, maboksi mawili ya pembeni na moja la juu. Shokapu tuliikagua. Haivuji, inarudi taratibu inavyotakiwa, bushi hazichezi. Kumkazia mtu shokapu nzima ili kutibu magoti ya abiria ni kumla pesa yake, hivyo nikamwomba arudi na mama mwenyewe.

Wakaja Jumamosi. Mama ni mrefu kumzidi mumewe, na hakutaka maneno mengi. "Fundi, mimi na pikipiki hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni hapa pa kukanyagia. Tukifika Makuyuni tu magoti yanawaka moto, na kila tuta baba watoto akishika breki najikuta nimemlalia mgongoni." Kutoka Arusha mpaka njia panda ya Makuyuni ni kama kilomita 80. Kwa safari ya Babati, hapo nusu ya njia haijatimia.

Nikamwambia apande, nione anavyopanda. Mengi ya kisa hiki yalijionyesha katika sekunde zile chache. Alikanyaga futresti ya kushoto, ikashuka kwa mbele huku kipande chote cha chuma kikijipinda, keria ya boksi ikalia, na mama akalishika bega la mumewe kwa nguvu kama mtu aliyekwisha kuzoea kwamba chuma kile hakiaminiki. Alipokaa, visigino vyake vilikuwa nyuma ya makalio. Alikaa kama anayepiga magoti, siyo kama aliyekaa kwenye siti.

Futresti hizo hazikuwa za pikipiki hiyo. Mmiliki wa kwanza, huko Uingereza ilikotoka, alikuwa akiendesha peke yake. Kanuni za kule za mwaka 1986 kuhusu utengenezaji na matumizi ya magari zinadai pawe na pa kuwekea miguu ya abiria pale abiria anapobebwa, kwa hiyo anayetembea peke yake akizitoa havunji kanuni hiyo. Yeye alizitoa, na braketi zake za aluminiamu akazitoa pia, ili maboksi yakae karibu na mwili wa pikipiki. Kwenye pikipiki hii braketi ya kulia ndiyo iliyokuwa inabeba na bomba la moshi, basi mahali pake akafunga kipande chembamba cha kulishika bomba peke yake. Ilipofika Arusha na kununuliwa na mtu mwenye nia ya kusafiri na mkewe, ilikaguliwa injini, zikakaguliwa tairi, ikajaribiwa mbio. Siti ya abiria ilikuwepo, ndefu na nene, na hakuna aliyeinama kuangalia miguu ya atakayekaa juu yake itatua wapi.

Baadaye fundi mmoja wa kuchomelea hapa mjini akatafuta chuma kilicho karibu, akakuta bomba la chini la keria ya maboksi, akachomelea flati baa ya unene wa milimita 5 na upana wa 30, na kwenye ncha yake akaweka futresti ya raba. Kuchomelea kwake hakukuwa kubaya. Kosa la kazi ile lilikuwa mahali. Futresti ziliwekwa palipokuwa na chuma cha kuchomelea, na mguu wa abiria ukalazimishwa kuufuata uamuzi huo.

Nitaeleza hapa kwa kirefu, maana naona jambo hilihili kwenye pikipiki nyingi, kubwa na ndogo.

Miguu ya abiria ina kazi tatu na zote hazifanyiki kama futresti iko nyuma mno. Kazi ya kwanza ni kupanda na kushuka. Ya pili ni kujiinua kidogo kutoka kwenye siti pale gurudumu la nyuma linapopiga tuta au shimo, ili magoti yapokee kishindo badala ya uti wa mgongo. Ya tatu ni kujizuia wakati wa breki. Dereva ana usukani wa kusukuma, abiria hana. Akikanyaga mbele kidogo ya kiuno chake anaweza kusukuma nyayo na mwili ukabaki mahali pake. Akikanyaga nyuma ya kiuno, kila anaposukuma anajisogeza mbele zaidi, kwa hiyo breki inampeleka mgongoni kwa dereva, na dereva naye anabeba uzito huo mikononi wakati ndio anauhitaji usukani uwe mwepesi. Mtu anaweza kudhani abiria wake hajui kukaa. Huyu mama anajua kukaa. Alinyimwa pa kusukuma.

Urefu nao ulikuwa tatizo. Kutoka juu ya siti hadi futresti palikuwa na sentimita 36. Kwa mtu mwenye mapaja marefu hiyo inalikunja goti mpaka digrii 65 hivi. Ukikaa hivyo kwa muda mfupi hakuna shida. Ukikaa hivyo mpaka Minjingu, nyuma ya goti kunabanwa, mguu unakufa ganzi, na unaposhuka ndipo maumivu yanapoanza kudai haki yake. Shokapu ingekazwa mpaka mwisho isingebadilisha hata digrii moja.

Kisha chuma chenyewe. Siti ya abiria kwenye pikipiki hii iko karibu sentimita 88 kutoka ardhini, ikiwa na boksi nyuma na maboksi pembeni. Abiria hawezi kurusha mguu kutoka chini kama kwenye bodaboda. Anasimama juu ya futresti ya kushoto kwa mguu mmoja, ndipo anapitisha wa pili. Kwa muda huo uzito wake wote uko kwenye ncha ya chuma kilichochomoza. Mama na koti lake ni kilo 72, ambazo ni niutoni 700 na kidogo. Pa kukanyagia ni sentimita 13 kutoka kwenye bamba, yaani ile flati baa. Zidisha: unapata karibu niutoni mita 92, nguvu inayokaribia ile tunayokazia nati ya ekseli ya nyuma kwenye pikipiki nyingi kubwa. Hapo amepanda kwa utulivu. Akirukia, au pikipiki ikiyumba na yeye yuko juu ya mguu mmoja, inaweza kufika maradufu. Fundi anayepima futresti kwa uzito wa miguu miwili iliyopumzika safarini anapima mzigo mdogo kuliko yote ambao chuma hicho kitabeba.

Na bamba linapindwa kwa upande wake dhaifu. Futresti inachomoza kwenda nje, kwa hiyo uzito unalivuta bamba lijikunje kwenye unene wake. Katika hali hiyo upana unasaidia kwa kadiri yake tu, lakini unene unasaidia kwa mraba: ukiongeza unene mara mbili, uimara unaongezeka mara nne. Flati baa ya milimita 5 kwa 30 haikuwa na uwezo wa kubeba mtu mzima anayepanda. Ilianza kujipinda siku ya kwanza aliposimama juu yake. Uzito ulipohama kwenye keria, bomba la keria likapasuka kando ya mshono, upande ule uliopata moto. Keria ya maboksi imetengenezwa kubeba mabegi. Mguu wa binadamu unapiga, unasukuma, unaachia, kilomita baada ya kilomita.

Upande wa kulia kulikuwa na jambo jingine ambalo mama hakulisema mpaka nilipogeuza kiatu chake. Soli ilikuwa imeyeyuka ukingoni. Futresti ilimweka mguu wake ukigusana na bomba la moshi.

Kabla ya kukata chuma chochote tulimpima mama. Hapa nasisitiza, kwa sababu ndiyo hatua inayorukwa. Tulisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tukafunga maboksi na kuyajaza mzigo wao wa kawaida wa safari, mumewe akakaa mbele na viatu vyake, mama akakaa nyuma na buti zilezile anazosafiria na koti la pikipiki mwilini. Mtu akipimwa na kandambili atapewa futresti ya mtu mwingine. Chini ya kila mguu wake tukaweka kipande cha ubao juu ya jeki ya gari, na kijana akawa anapandisha na kushusha taratibu huku mama akisema. "Shusha. Shusha tena. Hapo... hapana, rudisha kidogo, hapo kisigino kinaning'inia." Tulipopata urefu, tukaanza kusogeza mbao mbele na nyuma. Nilimwambia ajiinue kidogo kutoka kwenye siti bila kumshika mumewe. Mara ya kwanza hakuweza. Tukasogeza mbele. Akaweza kwa shida. Tukasogeza tena, akainuka kwa wepesi na kukaa mwenyewe, akasema, "Kumbe!"

Hapo tukamgeukia mumewe, maana mguu wa abiria ukienda mbele sana unakutana na wake. Aliweka miguu kwenye futresti zake, akabadilisha gia, akakanyaga breki, kisha akasimama wima kama anavyofanya kwenye vumbi. Kisigino chake kilikuwa na nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye ncha ya buti ya mkewe. Tukashusha pikipiki kutoka kwenye stendi, akaisukuma nyuma kwa miguu kama anayetoka kwenye maegesho. Ndama za miguu yake ziligusa ubao. Hilo halikwepeki kwa kipimo. Linatatuliwa na futresti inayokunjika pale abiria akiwa hayupo.

Vipimo vikawa hivi: sentimita 43 kutoka siti, badala ya 36, na sentimita 11 mbele ya zilipokuwa. Goti likafunguka hadi karibu digrii 80. Nilipolinganisha na pikipiki nzima ya aina hiyohiyo, mahali alipopachagua mama palikuwa karibu kabisa na pale kiwanda kilipoweka, ila chini kidogo. Hilo lilinipa imani. Kiwanda kinapima kwa mtu wa wastani, na huyu amezidi wastani kwa miguu.

Kuhusu njia za kupata futresti zenyewe sitakaa sana. Braketi halisi zinaagizwa nje, na hata zikija zingemweka juu kuliko anavyohitaji. Futresti za kubana kwenye bomba, zile za kuwekwa kwenye kinga ya injini ili dereva anyooshe miguu, si za kubeba mtu anayesimama. Zikigeuka kwenye bomba abiria yuko chini. Kufunga kwenye swingi amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, sikubali hata kama mteja anasisitiza, kwa sababu swingi amu inapanda na kushuka na gurudumu, na miguu ya abiria itacheza nayo njia nzima. Ikabaki kutengeneza bamba la kufungwa kwa bolti kwenye matobo ya asili ya chesisi, yale ambayo kiwanda kilikusudia yabebe mtu.

Matobo yenyewe yalikuwa yamezibwa na tope na kutu. Tulipitisha tepu ya kukatia nyuzi taratibu, mafuta kwa mafuta, robo mzunguko mbele na kurudi. Matatu yalipona, yakabaki milimita 8 kama yalivyotoka kiwandani. Moja la kushoto, la nyuma, nyuzi zilikuwa zimeliwa. Nyama ya chuma pale ilikuwa ya kutosha, tukalitoboa kwa drili ya milimita 8.5 na kukata nyuzi mpya za bolti ya 10. Wapo wanaopenda kwenye tobo lililoliwa kuingiza bolti na kuichomelea moja kwa moja. Usifanye hivyo kwenye chesisi. Ukuta wa bomba ni mwembamba, moto unaudhoofisha pembeni ya mshono, na anayekuja baada yako hawezi kufungua.

Bamba tulikata kwenye chuma cha milimita 8, umbo la pembetatu iliyolala, pana juu penye bolti na jembamba chini penye futresti, na sehemu yake nyembamba kabisa ina milimita 50. Ukilinganisha na ile flati baa, hapo peke yake uimara umezidi mara 4. Bado haukunitosha. Nyuma ya bamba tukachomelea ubavu wa chuma uliosimama, kuanzia juu, katikati ya bolti mbili, mpaka penye futresti. Mahali ubavu unapoanzia ni jambo la kuangalia: ukianzia chini ya bolti, unaacha mstari mmoja usio na msaada, na bamba litajikunja hapohapo. Kuchomelea kote kulifanyika mezani, bamba likiwa mbali na pikipiki. Chombo chenye kompyuta ya injini hakichomelewi betri ikiwa imeunganishwa, na kwa kazi hii hapakuwa na sababu ya kukisogelea na umeme wa kuchomelea hata kidogo.

Kabla ya chuma tulitengeneza bamba la plaiwudi na kulifunga mahali pake kwa mipira ya tyubu, mama akakanyaga tena kwa uangalifu. Plaiwudi ndiyo iliyotuonyesha kwamba upande wa kulia bamba lingekaa juu ya kishikio cha bomba la moshi. Tukakitoa kishikio, bamba likachukua kazi yake, kama braketi ya kiwanda ilivyofanya, na bushi ya raba ya bomba ikarudishwa. Bomba la moshi likipata moto linarefuka. Ukilibana chuma kwa chuma bila raba, litatafuta pa kupasukia.

Futresti tulichukua za pikipiki za kawaida za bodaboda, za chuma zenye raba juu. Mtu mwenye pikipiki ya gharama anaweza kuona ameshushwa hadhi. Mimi naziamini. Vyuma hivyo vinapandwa na kushukwa kutwa nzima, pengine na mishikaki ya watu watatu, kwenye barabara za Muriet na Ngaramtoni, na zikiharibika zinapatikana duka lolote la spea mpaka Kondoa. Raba inakata mtetemo na haitelezi kama chuma kitupu buti ikiwa na tope. Tulibadilisha pini zake tu, tukaweka zisizocheza kwenye matobo, na pini ndogo mpya za kufungia kwa chini.

Mwelekeo wa kukunjika nao una maana. Kanuni ya usalama ya Marekani namba 123, inayohusu vitu vya kuongozea pikipiki, inataka futresti ya abiria isiyotumika ikunjike kwenda juu na nyuma. Sababu unaielewa ukiwaza futresti iliyosahaulika wazi ikigonga jiwe, ukingo wa barabara au mguu wa dereva mwenyewe: inayokunjika nyuma inakubali pigo na kupita, isiyokunjika au inayokunjika mbele inakwama na kuvuta pikipiki. Tulichomelea masikio ya bawaba kwa mshazari wa digrii 45 hivi ili zifuate njia hiyo. Chini ya sikio tukaweka kituo kipana cha kuikalia futresti inapofunguliwa, kwa sababu uzito wa mtu haupaswi kubebwa na pini peke yake.

Bolti zilikuwa za daraja la uimara 8.8, limeandikwa kichwani. Hapa kuna mtego mdogo. Bamba jipya ni milimita 8. Nyuzi za bolti ya 8 zinapishana milimita 1.25, hivyo ukitumia bolti ileile ya zamani iliyokuwa inabana kipande chembamba, unapoteza nyuzi kadhaa za kushika. Bolti itakaza, itaonekana imefika, na imeshikwa na nyuzi chache. Tulinunua ndefu zaidi, tukapima kina cha tobo kwa waya kuhakikisha hazigongi mwisho, tukapaka gundi ya kuzuia kulegea na kukaza za 8 kwa niutoni mita 25. Kisha mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bamba, ili jicho lione kama imezunguka.

Juu ya bomba la moshi, pale buti inapokaribia, tukaweka kinga ya bati la chuma kisichoshika kutu, limeachana na bomba kwa sentimita moja. Hewa iliyopo katikati ndiyo inayozuia joto. Bati lililolala juu ya bomba linapata moto uleule.

Majaribio yalifanyika gereji kwanza, kwa saruji. Mfuko ni kilo 50, na tulining'iniza mitatu kwenye ncha ya futresti, pikipiki ikiwa imefungwa kamba pande zote isilale. Kilo 150 ni zaidi ya mara mbili ya uzito wa mama. Kabla ya kuweka, tulipima kutoka ncha ya futresti hadi sakafuni, tukapima mifuko ikiwa juu, tukapima ilipotolewa. Kipimo cha mwisho kililingana na cha kwanza, na hicho ndicho nilichokitafuta, maana chuma kinaruhusiwa kunepa lakini lazima kirudi. Bila ule ubavu wa nyuma, hesabu inaonyesha bamba la milimita 8 la chuma laini lingepita mpaka wake kwa mzigo huo na kubaki limepinda. Tukafanya hivyo kushoto, tukafanya hivyo kulia. Wateja wengine wanaona ni mbwembwe. Mimi sitamwambia mke wa mtu asimame juu ya chuma ambacho sijakisimamisha mzigo.

Ndipo wakaenda barabarani, Kisongo hadi njia panda ya Monduli na kurudi, sehemu yenye matuta ya kutosha. Waliporudi mama alisema magoti yametulia na kwenye breki anabaki pake. Alikuwa na lalamiko jipya: ndama ya mguu wa kulia inagusa kona ya boksi. Hilo lilitokana na keria, iliyokuwa imepangwa kwa pikipiki isiyo na abiria. Keria ilitakiwa kuchomelewa upya pale ilipopasuka kwa vyovyote, hivyo tulisogeza mishikio ya boksi nyuma kwa sentimita 3. Zaidi ya hapo sikukubali, kwa kuwa mzigo unaposogea nyuma ya ekseli unaipunguzia tairi ya mbele uzito, na pikipiki inaanza kuelea mkononi kwenye mwendo wa barabara kuu. Mume alitaka sentimita 6 ili mke awe huru zaidi. Nilimweleza, akapunguza badala yake vitu vya chuma alivyokuwa akibeba kwenye boksi la juu.

Na shokapu aliyoijia? Tuliigusa, lakini kwa sababu yake halisi. Pikipiki ilikuwa bado imewekwa kwa mtu mmoja. Tukaikaza springi kwa hatua kadhaa mpaka mkia ulipoacha kukaa chini watu wawili na mzigo wakiwa juu, tukapandisha upepo wa tairi ya nyuma mpaka psi 42 kama kibandiko cha kwenye kava ya cheni kinavyotaka kwa watu wawili, na tukashusha taa ya mbele, ambayo kwa mkia kulala ilikuwa ikiwapiga machoni wanaokuja.

Nina neno kwa wenzangu wa gereji kuhusu wanaokaa upande. Baadhi ya akina mama, kwa sababu ya nguo au mazoea, hukaa miguu yote upande mmoja. Futresti moja hapo inabeba miguu miwili kwa safari nzima na uzito wa kupandia juu yake. Kwenye pikipiki ya masafa yenye maboksi simshauri mtu yeyote akae hivyo, na nilimwambia mama huyu waziwazi, naye akaniambia yeye ni mtu wa suruali tangu zamani. Mtoto ambaye nyayo hazifiki kwenye futresti naye hapandi. Kumtengenezea futresti ya juu hakumpi nguvu za kujizuia kwenye breki.

Baada ya safari ya kwanza ya Babati pikipiki ilirudi kukaguliwa, kama tulivyokubaliana. Mstari mweupe wa bolti moja ya kulia ulikuwa umeachana kwa upana wa kalamu. Ni ile inayobeba na bomba la moshi, penye joto, na gundi ya kawaida ya nyuzi huwa laini joto likizidi. Tuliitoa, tukasafisha, tukaweka gundi ya kuhimili joto pamoja na washa ya kufuli yenye meno, tukakaza upya na kuchora mstari mwingine. Nyingine zote hazikusogea. Mwenye pikipiki ameelekezwa kuangalia mistari hiyo kila anapopaka cheni mafuta, na kuleta chombo kama wowote umehama. Mama ameuliza kama tunaweza kumtengenezea na mishikio ya mikono pembeni ya siti, kwa kuwa kwa sasa anashika keria ya boksi la juu. Tumekubaliana aje akae tena juu ya pikipiki, na mzigo wote ukiwa umefungwa, ndipo tupime.